Kabla ya kupitisha mchango wa shule, tupime nia ya watu



Shule zinapofunguliwa mwezi Januari, katika vijiji na mitaa mingi hufuata tangazo la mkutano. Ajenda hujulikana kabla haijasomwa. Madarasa hayatoshi, madawati hayatoshi, vyoo vimejaa, au watoto wanakosa uji wa saa nne. Mwenyekiti anafungua kikao, mtendaji anasoma mahitaji, mwalimu mkuu anaeleza hali ilivyo, kisha linaletwa pendekezo kwamba kila kaya itoe kiasi fulani. Wanaokubali wanaombwa kunyoosha mikono, na mikono inanyooshwa. Wanaokataa wanaulizwa, na kunakuwa kimya. Muhtasari unaandikwa kwamba wananchi wameridhia kwa kauli moja.

Miezi mitatu baadaye, kaya zilizotoa zinahesabika. Msingi wa darasa umeota majani. Viongozi wanasema wananchi ni wagumu. Wananchi wanasema viongozi ni walaji. Katikati ya maneno hayo yuko mtoto wa darasa la pili anayesomea chini ya mwembe, na mvua za masika zinakaribia.

Leo nakualika tutafakari jambo linaloonekana la kiserikali lakini lina uzito wa kiimani. Kabla hatujawatwisha watu mzigo kwa ajili ya shule ya umma, tunajuaje kama wamekubali kweli kuubeba? Wengi wetu tunaosoma safu hii tumo katika mikutano hiyo. Wengine ni wajumbe wa serikali za vijiji na mitaa, wengine wamo katika kamati za shule, wengine ni wazee wa kanisa ambao neno lao husikilizwa hata nje ya kanisa.

Mzigo wenyewe ni wa zamani

Taifa letu limejenga shule kwa mikono ya wananchi kwa miaka mingi. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilipotaka kila mtoto wa umri wa shule awe darasani ifikapo 1977, vijiji vilifyatua matofali na kusimamisha kuta. Ada ya shule za msingi ilipofutwa mwaka 2001 na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ukaanza mwaka uliofuata, watoto walifurika na nguvu za wananchi zikahitajika tena. Shule za sekondari za kata nazo zilijengwa kwa michango ya fedha, mchanga, mawe na siku za kazi.

Januari 2016 Serikali ilianza elimu bila malipo kuanzia msingi hadi kidato cha nne. Ada ya sekondari ya kutwa, iliyokuwa Sh20,000 kwa mwaka, haikudaiwa tena, wala Sh70,000 ya bweni. Wazazi wengi walishukuru, na walikuwa na sababu. Hata hivyo, michango iliendelea kudaiwa kwa majina mengine, na Januari 2018 Rais John Magufuli akaipiga marufuku baada ya kilio cha wazazi ambao watoto wao walikuwa wakirudishwa nyumbani. Mchango ukabaki kuwa jambo la hiari, lisilomhusu mtoto wala kumfukuzisha darasani.

Lakini neno hiari halijengi darasa. Ruzuku ya uendeshaji imepangwa kuwa Sh10,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi. Shule yenye watoto 800 ingestahili Sh8 milioni kwa mwaka mzima, na humo mna vitabu, chaki, mitihani na ukarabati mdogo. Mwaka 2021, Serikali ilipojenga madarasa 15,000 kwa fedha za mapambano dhidi ya UVIKO-19, darasa moja lilitengewa Sh20 milioni. Ukiweka hesabu hizo mbili pamoja utaona kwa nini mkutano wa Januari unaitishwa. Pengo lipo. Swali ni nani aulizwe kulijaza, na aulizwe namna gani.

Mfalme aliyeuliza asisikilize

Katika 1 Wafalme 12 tunakutana na kijana Rehoboamu anayerithi kiti cha baba yake Sulemani. Watu walikuwa wamechoka na kazi za lazima na gharama za kasri. Walimwendea wakiongozwa na Yeroboamu, wakaomba apunguze mzigo, na wakaahidi kumtumikia. Kumbuka kwamba hawakuomba kuondolewa mzigo wote. Waliomba nafuu.

Rehoboamu alifanya jambo ambalo juu juu ni jema. Aliomba siku tatu, akaenda kutafuta maoni. Wazee waliomtumikia baba yake walimshauri awe mpole na kuzungumza na watu vizuri. Vijana aliokua nao walimshauri akaze zaidi. Akachukua la vijana. Alipomtuma msimamizi wa kazi za lazima kwenda kwa makabila ya kaskazini, alipigwa mawe akafa, na mfalme mwenyewe akapanda gari lake mbio kurudi Yerusalemu. Makabila 10 yakaondoka, na ufalme haukuungana tena.

Kosa la Rehoboamu halikuwa kukosa maoni. Alikuwa nayo ya kutosha, na ya waliobeba mzigo aliyasikia kwa masikio yake. Alichagua kuwasikiliza watu ambao mzigo huo haukuwa mabegani mwao. Hilo hutokea hata leo, pale kamati ya watu wanane wenye mishahara inapokaa ofisini na kukubaliana kwamba Sh20,000 kwa kaya si kitu.

Hata kwa nia njema, kutopima nia ya watu kuna gharama. Wenye umri wanaikumbuka kodi ya maendeleo iliyokusanywa na halmashauri zetu hadi ilipofutwa mwaka 2003. Fedha zile zilipaswa kuhudumia shule, zahanati na barabara za watu walewale. Lakini kilichobaki katika kumbukumbu za wengi ni mgambo alfajiri na wanaume wakikimbilia mashambani. Wachache wanaikumbuka kwa darasa ililojenga.

Julai 2021 ilikuja tozo ya miamala ya simu. Makusudi yake yalitangazwa: vituo vya afya, madarasa, barabara za vijijini. Nani angepinga madarasa? Lakini mtu aliyekuwa akimtumia mama yake fedha za dawa aliikuta tozo kwenye simu kabla hajaielewa. Malalamiko yalikuwa makubwa. Tozo ya juu kabisa ilishushwa kutoka Sh10,000 hadi Sh7,000 mwaka huohuo, kisha hadi Sh4,000 mwaka uliofuata, na baadaye baadhi ya tozo zikafutwa. Yaliyosikilizwa baada ya kilio yangeweza kusikilizwa kabla.

Nehemia alianza na masikio

Sasa soma kitabu cha Nehemia kwa utaratibu, uangalie mpangilio wa sura zake. Katika sura ya 10, mstari wa 32, watu wanajiwekea wenyewe kodi ya theluthi ya shekeli kila mwaka kwa ajili ya huduma ya nyumba ya Mungu. Hakuna mgambo. Kiasi kinajulikana, kipindi kinajulikana, na mistari inayofuata inataja kazi ambayo fedha itafanya. Walifikaje hapo watu waliotoka uhamishoni wakiwa maskini?

Rudi sura ya 5. Huko watu wanalia. Wameweka rehani mashamba, wamekopa fedha ili walipe kodi ya mfalme wa Uajemi, na wengine wamefikia kuwatoa watoto wao kuwa watumwa. Nehemia anasikia kilio hicho, anakasirika, anatafakari, kisha anawakabili wakubwa waliokuwa wakiwatoza ndugu zao riba. Mashamba yanarudishwa. Tena yeye mwenyewe, katika miaka 12 ya uliwali wake, hakula posho ya chakula aliyostahili kwa cheo, kwa sababu aliona mzigo wa watu ulikuwa mzito.

Njoo sura ya 8. Watu wote wanakusanyika uwanjani, wanaume kwa wanawake, na Torati inasomwa na kufafanuliwa hadi wanaelewa. Ndipo katika sura ya 10 wanatia muhuri agano, na jina la kwanza katika orodha ni la Nehemia mwenyewe, liwali. Alisikiliza, akaanza kujinyima, akahakikisha watu wamefundishwa wakaelewa, ndipo likaja suala la fedha. Mikutano yetu mingi huanza sura ya 10 na kuishia hapohapo.

Bwana wetu naye ana somo katika Mathayo 17. Watoza kodi ya hekalu walipomuuliza Petro kama Mwalimu wake hutoa nusu shekeli, Petro alijibu haraka kwamba hutoa. Alipoingia nyumbani, Yesu alimuuliza kwanza maoni yake: wafalme hutoza nani, watoto wao au wageni? Akamwacha ajibu. Kisha akalipa, kwa ajili yake na kwa ajili ya Petro, ili asiwe kikwazo. Mwenye mamlaka yote alimpa mvuvi nafasi ya kufikiri kabla ya kumtuma baharini kutafuta sarafu.

Wenzetu wanaopiga kura

Katika majimbo mengi ya Marekani, shule za umma hutegemea sana kodi ya majengo na ardhi ya eneo husika, na mara nyingi kodi ya nyongeza kwa shule lazima ipigiwe kura na wakazi. California ina historia ya kujifunzia. Juni 6, 1978, karibu theluthi mbili ya wapiga kura walipitisha pendekezo namba 13, lililoweka ukomo wa kodi ya majengo kuwa asilimia 1 ya thamani. Watu wengi, hasa wazee, walikuwa wameona kodi za nyumba zao zikipanda kuliko mapato yao. Tangu hapo, eneo likitaka kodi maalumu kwa shule zake, kwa kawaida lilihitaji theluthi mbili ya kura.

Mwaka 2000 wapiga kura walikubali kulegeza sharti kwa mikopo ya kujenga shule, hadi asilimia 55. Lakini nafuu hiyo ilifungwa na masharti: orodha ya miradi itangazwe kabla ya kura, hesabu zikaguliwe kila mwaka, na iwepo kamati ya raia ya kuangalia matumizi. Kwa maneno mengine, wananchi walirahisisha kutoa baada ya kuhakikishiwa kuona.

Kwa sababu kura ikipotea muda na fedha hupotea, viongozi wa shule huko hupima maoni mapema. Huuliza kiasi mbalimbali, siyo kimoja tu. Huuliza matumizi gani yana uzito kwa watu: paa, walimu, au usalama. Huwauliza wasio na watoto shuleni, kwa kuwa nao watalipa. Jibu likiwa baya, hupunguza kiasi au husubiri.

Sisi hatuna masanduku ya kura kwa kila darasa, lakini hatukuachwa bila chombo. Sheria ya Serikali za Mitaa Namba 7 ya 1982 inampa kila mkazi wa kijiji mwenye miaka 18 na zaidi nafasi katika mkutano mkuu wa kijiji. Hata sheria ndogo ya kijiji haikamiliki kabla wanakijiji hawajaitwa kutoa maoni, na kabla halmashauri ya wilaya haijaidhinisha. Chombo tunacho. Tunakitumia vibaya tunapokigeuza kuwa mahali pa kupigia muhuri yaliyokwisha kuamuliwa.

Mkono ulionyooshwa na moyo

Mkono ulionyooshwa hadharani ni kipimo dhaifu. Mjane anayemdai mwenyekiti gunia la mahindi hatakataa pendekezo la mwenyekiti mbele ya watu. Mke hatanyoosha mkono tofauti na mume aliyekaa upande wa pili. Kijana anayesubiri barua ya utambulisho ya mtendaji atakubali chochote. Wapangaji hawakuja kabisa, kwa sababu wanaona mkutano ni wa wenye nyumba. Kwa hiyo kauli moja inayoandikwa katika muhtasari inaweza kuwa kauli ya woga, au ya adabu, au ya kutaka kikao kiishe watu wakapike.

Njia nyingine zipo na hazina gharama kubwa. Wiki mbili kabla ya mkutano, wajumbe wapite nyumba kwa nyumba wakiuliza maswali machache yaleyale kwa kila kaya. Je, unaona shida hii ni ya kweli? Ungeweza kutoa Sh2,000, Sh5,000, au Sh10,000? Ungependelea kutoa fedha au siku ya kazi? Kabla ya mavuno au baada? Kitu gani kingekufanya usitoe? Swali hilo la mwisho ndilo lenye faida kubwa kuliko yote, na ndilo tunaloliogopa.

Siku ya mkutano, kura inaweza kuwa ya siri bila karatasi hata moja. Chungu kimoja nyuma ya pazia, kila mtu anaingia na punje ya mahindi na punje ya harage; mahindi ni ndiyo, harage ni hapana, na punje iliyobaki anaondoka nayo mfukoni. Punje zikimwagwa juu ya meza zihesabiwe mbele ya wote. Harage zikiwa nyingi, kiongozi asikasirike. Ameokolewa na aibu ya msingi ulioota majani.

Watu waelezwe hesabu pia. Katika Luka 14 Yesu anamzungumzia mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye hukaa kwanza akakadiria gharama asije akachekwa. Kaya 400 zikitoa Sh5,000 kila moja, zinapatikana Sh2 milioni. Hiyo ni sehemu ya kumi ya darasa la Sh20 milioni. Je, lengo ni kufikisha boma kwenye linta ili halmashauri iezeke? Kama ndivyo, je, halmashauri imeandika mahali kwamba itaezeka? Maboma mangapi ya miaka iliyopita yanasubiri paa hadi leo? Mwananchi anayeuliza hayo si mpinzani wa maendeleo. Anafanya alichofundisha Yesu.

Sanduku la Yoashi

Mara nyingi kinachokataliwa ni hesabu isiyosomwa, wala si shule. Katika 2 Wafalme 12 na 2 Mambo ya Nyakati 24, mfalme Yoashi alitaka hekalu litengenezwe. Fedha zilikabidhiwa makuhani wakusanye, na hadi mwaka wa 23 wa utawala wake mabomoko yalikuwa hayajazibwa. Mfalme hakupandisha kiwango wala hakuwalaumu watu. Alibadilisha utaratibu. Sanduku likatobolewa tundu kwenye kifuniko, likawekwa mahali pa wazi. Lilipojaa, lilifunguliwa na watu wawili wa pande mbili, mwandishi wa mfalme na mtu wa kuhani mkuu. Fedha zikaenda moja kwa moja kwa maseremala na waashi. Mambo ya Nyakati inasema wakuu na watu wote walitoa kwa furaha.

Ni watu walewale, na umaskini uleule. Kilichobadilika ni sanduku. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mtume Paulo alijua hilo. Katika 2 Wakorintho 8, alipokuwa akikusanya msaada kwa ajili ya Yerusalemu, hakutaka kuubeba peke yake. Alikubali ndugu aliyechaguliwa na makanisa asafiri nao, kusudi mtu asipate la kuwalaumu. Tena hapo hapo alifundisha kwamba mtu hupimwa kwa alicho nacho, siyo kwa asicho nacho.

Neno hilo la mwisho lina maana kubwa kwa mikutano yetu. Kiwango kimoja kwa kila kaya kinaonekana cha haki, lakini Sh10,000 za mwenye duka la jumla na Sh10,000 za bibi anayelea wajukuu wanne kwa kuuza mchicha si fedha moja. Katika kupima nia ya watu, tupime pia uwezo wao, na majina ya wasioweza yapangwe kwa heshima kabla ya kukusanya, yasitangazwe baadaye kama majina ya wadaiwa.

Sisi tulio kanisani

Ndugu msomaji, kuna mambo matatu tunayoweza kuyafanya wiki hii.

La kwanza, twende kwenye mkutano. Wengi wetu tunatoa ahadi kubwa katika harambee ya kanisa, lakini mkutano wa mtaa tunauachia wengine, hasa kama watoto wetu wanasoma shule binafsi. Darasa la shule ya umma linalovuja linamnyeshea mtoto wa jirani, na amri ya kumpenda jirani haikuuliza anasoma wapi.

La pili, walio na nafasi za uongozi wawe wa kwanza kuandikwa na wa kwanza kutoa, kama Nehemia. Na hesabu ya mchango uliopita isomwe kabla ya kuombwa mpya: zilizokusanywa, zilizotumika, zilizobaki, na stakabadhi zikae mezani kwa anayetaka kuziona.

La tatu, tumlinde mtoto. Mchango ni jambo la mtu mzima na serikali yake. Pasipatikane mwalimu Mkristo wa kumsimamisha mtoto mstarini kwa sababu baba yake hajatoa, wala mzee wa kanisa mjumbe wa kamati wa kunyamaza akiona hivyo. Mtoto anayeaibishwa mbele ya wenzake kwa umaskini wa nyumbani kwao hatasahau.

Katika Kutoka 36, watu walileta vitu vya ujenzi wa hema hadi Musa akalazimika kutangaza kambini kwamba imetosha, wasilete tena. Wengi tunaisoma habari hiyo kama ndoto. Lakini walikuwa watu wa kawaida, wametoka utumwani juzi, jangwani. Waliambiwa wazi ni nini kinajengwa, waliwaona mafundi kwa majina, na waliambiwa kila mtu atoe kama moyo wake unavyompa. Madarasa yetu yanaweza kujengwa na watu wa namna hiyo, na wapo katika kila kijiji. Waulizwe kwanza, na wanapojibu wasikilizwe.